Vinundu Viwili

Picha ile ilikuwa nzuri, na uzuri wake ndio ulioiponza nyumba ya Mseti. Kama ingekuwa ya rangi ya majivu, wanaume waliokaa uani Jumapili ile wangeitazama, wangetoa hongera na kurudia mazungumzo yao ya mashimo na mawe. Lakini Lilian, binti wa Mseti, aliyewaonyesha kwenye simu yake, alikuwa ameipaka njano. Uwanja wake ulikuwa mweusi, umekatwa na mstari mmoja wa kupindapinda, na juu yake vilikaa vinundu vya njano iliyokolea. Viwili kati ya hivyo vilikuwa kwenye pembe ya chini, vimekaribiana.

Lilian alikuwa amerudi likizo kutoka Ujerumani, anakosomea shahada ya uzamivu. Nyumbani kwao ni upande wa Manchira, si mbali na bwawa linaloupa mji wa Mugumu maji, na alipofika hakuitambua njia. Dhahabu ilikuwa imeonekana shambani kwa Machage, jirani yao, na watu walikuwa wamemiminika kutoka kila upande na masululu begani. Wenyewe waliiita rashi. Shamba la Machage lilikuwa limebaki mashimo matupu, na sasa wachimbaji walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba kuomba mahali pengine pa kuchimba. Heche, kiongozi wa kundi moja lililotoka Tarime, ndiye aliyekuwa amekaa kwa Mseti siku hiyo.

Mseti alimtaka binti yake aeleze kazi yake, maana watu walimwuliza kila siku na yeye jibu lake lilikuwa moja tu, kwamba anasomea sumaku. Lilian akajitahidi. Alisema kuna bamba la risasi, ile metali laini, ambalo wanalipoza kwa baridi ambayo barafu kwake ni jiko. Likifikia baridi hiyo, umeme unapita ndani yake bila kukwama popote. Kisha wanadondosha juu yake atomi za chuma, yaani punje za mwisho kabisa za chuma, moja moja. Kila atomi ni sumaku, na umeme wa namna ile haupatani na sumaku, kwa hiyo kila atomi inavuruga utulivu wa bamba pale ilipokaa. Ukizikaribisha mbili, kila moja inaisikia nyingine kupitia bamba hata kama hazigusani. Kazi yake yeye ni kuzisogeza kwa ncha ya sindano, kuamua zikae umbali gani, na kupima kama zitaelekea upande mmoja au zitapeana mgongo.

Alieleza vizuri, hilo nalisema wazi. Ubaya ni kwamba kila mtu pale alikuwa na sumaku yake kichwani. Heche alitoa mfukoni kipande cha sumaku ya spika kuukuu kilichofungwa kamba, akasema hata wao wanayo. Wakishaosha mchanga kwenye karai, wanapitisha sumaku juu yake, chuma kinanata na kutoka, dhahabu inabaki. Akainama tena juu ya simu.

"Kwa hiyo hiki cha njano ndicho kilichobaki," akasema.

Lilian akacheka, akasema hapana, hicho ndicho chuma chenyewe, zile atomi alizozitaja. Lakini Mseti alikuwa ameshaichukua simu na kuigeuzageuza. Mstari ule wa kupindapinda aliujua. Lilikuwa korongo lililopita chini ya shamba lake. Pembe ile nayo aliijua.

"Mbona hapa ni kwetu?"

"Baba, hayo yote yangeenea juu ya ncha ya unywele."

"Ndivyo ramani zilivyo," akasema Mseti. "Nchi nzima huenea kwenye karatasi."

Watu wakacheka, na Lilian naye akacheka. Heche alipomwomba amtumie picha ile kwenye simu yake, akamtumia.

* * *

Nyuma ya jiko la Rhobi, mke wa Mseti, palikuwa na makaburi mawili madogo. Emanueli na Simioni walikufa kwa surua katika mwezi mmoja, Lilian akiwa bado anabebwa mgongoni, na Rhobi hakujaliwa tena mtoto wa kiume. Kwa Wakurya nyumba ya namna hiyo haiachwi hivihivi. Mwanamke anaweza kutoa ng'ombe, akaoa binti, na binti huyo akazaa watoto kwa jina la nyumba yake. Wifi yake alishamshauri mara nyingi kwamba Lilian aolewe upesi, ng'ombe wa mahari wapatikane, jambo hilo likamilike. Rhobi alikuwa akimjibu kwamba nyumba yake ina wana wawili, wamelala nyuma ya jiko, na asiyewaona aende akawaangalie. Mpaka siku hiyo watu walimwita Mama Emanueli. Makaburi yale ndiyo yaliyokuwa yakimsemea.

Asubuhi ya Jumatatu alitoka kumwaga maji akakuta vigingi vya wachimbaji vimepigiliwa kuyazunguka, pale vinundu viwili vya picha vilipoangukia. Hakuuliza. Aliving'oa kimoja kimoja, akavitia mafigani, akapikia uji.

Mseti alikasirika kwa sauti ya chini, kama kawaida yake. Alisema hakuna anayetaka kuwatupa watoto. Watahamishwa tu, waende upande wa pili wa uwanja. Ameshazungumza na mzee Nyangwine wa ukoo wao, na mzee amesema mbuzi akichinjwa inawezekana. Mbona barabara zikipita makaburi huhamishwa na hakuna anayekufa? Rhobi alimsikiliza huku akikoroga uji. Kisha akasema neno moja tu, kwamba hawatoki.

Lilian aliwaita baba yake na Heche, akawakalisha, akaeleza upya. Alieleza kuhusu ile sindano, na chumba kisicho na dirisha anamofanyia kazi, na jinsi mashine inayopiga picha isivyoona chochote zaidi ya bamba lililo mbele yake. Mwisho akaona aseme lile alilodhani litamaliza ubishi.

"Rangi niliweka mwenyewe. Atomi hazina rangi. Kompyuta inakuuliza unataka rangi gani, nikachagua njano. Ningeweza kuweka kijani."

"Sasa mbona hukuweka kijani?" akauliza Heche, bila dharau, kama mtu anayetaka kujua.

Jibu la kweli lilikuwepo, lakini Lilian aliona aibu kulitoa. Siku ile huko Ujerumani theluji ilikuwa imeanguka tangu asubuhi, alikuwa peke yake, akakumbuka mahindi yaliyoanikwa uani kwao. Basi. Mtu atasemaje hivyo mbele ya mchimbaji?

Kunyamaza kwake kukamwumbua. Kwenye machimbo anayejua mahali hasemi, na anayekana kwa bidii ndiye hufuatwa. Kila alipozidi kueleza, ndivyo alivyozidi kuonekana anaficha. Kufikia jioni vijana wa Heche walikuwa wakimsalimu kwa heshima ya kuogofya, na majirani wawili walikuja na simu zao kumwomba awapigie picha mashamba yao. Alipowaambia hawezi, mmoja aliguna akasema wasomi ndivyo walivyo, wakishapata hawakumbuki walikotoka.

La baba yake ndilo lililomwuma zaidi. Mseti alimngoja mpaka wageni wameondoka.

"Nimekusomesha, Lilian, na sijakudai kitu. Lakini usinifiche kilicho kwenye uwanja wangu mwenyewe."

* * *

Rhobi alimwita binti yake jikoni, wakakaa pande mbili za moto. Alimwambia kwamba amesikiliza maelezo yote na hakuyaelewa, lakini ameelewa kwamba hakuna dhahabu pale. Hilo linamtosha. Sasa anataka Lilian amsaidie kwa namna nyingine.

"Waambie iko kwingine."

"Mama, mimi sijui iliko. Sijui chochote kuhusu dhahabu."

"Wao wanaamini unajua. Nionee huruma, mwanangu. Waambie."

Lilian aliinamisha kichwa. Katika kazi yake, neno "tumeona" haliandikwi mpaka kitu kimepimwa, kikapimwa tena, na mtu mwingine akajaribu kukipinga akashindwa. Kuisogeza sumaku moja ya chuma kidogo tu kunaweza kumla siku nzima, lakini akiiweka mahali inakaa, na akikosea anairudisha. Alizoea mambo yanayorudi. Alimtazama mama yake, mikono yake iliyokauka kwa jembe, akauliza awaelekeze wapi.

Rhobi alikuwa ameshafikiri. Kule chini kwenye mtama, karibu na korongo. Mtama wenyewe ulikuwa umebakiza wiki chache uvunwe, na ndio chakula chao cha mwaka, kwa hiyo Lilian alidhani hakusikia vizuri.

"Mtama utapandwa tena mwakani," akasema Rhobi.

Asubuhi yake Lilian alichukua simu ya Heche, akaipindua juu chini mbele ya baba yake. Alisema walikuwa wanaishika vibaya tangu mwanzo, kaskazini iko huku. Vile vinundu viwili vikahama kutoka nyuma ya jiko vikaangukia shambani. Aliusema uongo huo kwa sauti ileile aliyoelezea kweli, na huu wakauamini papo hapo. Mseti alimshika bega. Heche alisema asante, dada, mara mbili.

* * *

Walianza kwa kufyeka mtama. Rhobi aliwapelekea maji ya kunywa mwenyewe, na waliokuwa pale walishangaa mwanamke anayeona chakula chake kikilazwa chini na uso wake umetulia. Walichimba, wakateremsha mtu kwa kamba, wakapandisha ndoo za udongo mwekundu, kisha wa kijivu. Lilian alikuwa akihesabu kimoyomoyo siku zitakazowatosha kukata tamaa. Wakitoka bure shambani, picha itakuwa imeshindwa, na makaburi yatasahaulika. Huo ndio ulikuwa mpango wote wa mama na binti, na haukuwa mpango mbaya.

Walichosahau ni kwamba wanaishi Mara. Katika ardhi ile mtu akichimba choo anaweza kukutana na chenga ya dhahabu. Siku ya tatu Heche aliponda mawe machache ya kijivu, akayaosha kwenye karai, akapitisha sumaku yake, akaita watu. Pembeni mwa karai palikuwa na vumbi la njano, kidogo sana, la kufuta kwa kidole. Vijana wakapiga mbinja. Mseti alitembea kutoka shambani hadi nyumbani akiwa hana viatu, vimebaki shimoni, akamkumbatia binti yake mbele za watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu alipokuwa mtoto.

Rhobi alikuwa akipepeta ulezi. Alisikia kelele, akaweka ungo chini. Yeye ndiye aliyeelewa kwanza kwamba sasa hawataishia shambani.

Vumbi lile liliisha siku hiyohiyo. Mkanda wa mawe, Heche alieleza, ni mwembamba huku chini, lakini unapanda. Alisimama shimoni akanyoosha mkono kufuata unakoelekea, na mkono ukaishia kwenye jiko la Rhobi. Hakukasirika. Alizungumza na Mseti kama mtu anayemsifia mtoto wa rafiki yake.

"Mzee, binti yako ni mtu mwenye moyo. Ametupeleka kwenye mkia ili asitupeleke kwenye kichwa. Ni kwa sababu ya ndugu zake."

Lilian alipoitwa alikana vyote, cha kwanza na cha pili. Alisema alidanganya, alisema mama yake ndiye aliyemtuma, alisema hata hicho walichopata ni bahati tu. Baba yake alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia kwa upole akapumzike. Hakuna alichokuwa nacho tena cha kuwaambia. Akisema ipo, watachimba, na akisema haipo, watachimba.

* * *

Siku mbili zilipita bila mtu kugusa jembe, na Mseti akawa mpole kuliko kawaida. Alimwambia Rhobi kwamba suala la makaburi ameliacha. Akamkumbusha kuhusu macho yake yaliyokuwa yakitoa machozi tangu masika, akasema afadhali aende hospitali Mugumu wakati Lilian bado yupo wa kumsindikiza. Aliita bodaboda mbili yeye mwenyewe. Rhobi alivaa kitenge chake cha kanisani. Njiani alimwambia binti yake kwamba Baba Emanueli hana roho mbaya, ni hii rashi tu iliyowapanda watu kichwani.

Foleni iliwala siku nzima. Walirudi jioni na dawa ya matone, na sukari ambayo Rhobi alinunua sokoni kwa ajili ya mume wake.

Nyuma ya jiko palikuwa na shimo. Ukuta mmoja wa jiko ulikuwa umebaki bila kitu chini yake, na mafiga mawili yalikuwa yameangukia ndani. Vijana hawakuwepo. Mseti alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba kubwa, udongo umemkaukia mpaka magotini, na alipowaona alisimama, akakaa tena.

"Nilisimama hapo mwenyewe, Mama Emanueli. Nilikuwa na shuka jipya la kuwatia. Hatukuona kitu. Ulikuwa udongo mtupu."

Alikuwa anasema kweli. Watoto wadogo, waliozikwa katika blanketi miaka karibu thelathini iliyopita, katika udongo ule unaokula hata misumari. Rhobi aliuliza udongo uko wapi. Mseti akasema ulikuwa na mawe, basi ukatiwa mifukoni pamoja na mawe, ukapelekwa kwenye krasha. Krasha ni mashine ya kusagia mawe, ilikuwa barabarani kuelekea bwawani, na mlio wake ulisikika pale walipokuwa wamesimama. Rhobi aliweka ile sukari juu ya kigoda cha pili, akageuka akaanza kutembea, na Lilian akamfuata.

Mwenye krasha aliitwa Opondo, Mjaluo wa upande wa Sirari, mtu mzima mwenye vumbi la kijivu mpaka kwenye nyusi. Alimsalimu Rhobi, akazima mashine ili wasikilizane. Rhobi alimwambia kwamba amekuja kuchukua mifuko ya Heche. Opondo akasema imeshasagwa na kuoshwa tangu saa tisa. Akamwonyesha rundo la mchanga uliobaki, ambao huhifadhiwa ukasafishwe tena kwa dawa ya kutolea dhahabu. Lilikuwa limepita kimo cha mtu, na ndani yake kulikuwa na mawe ya Machage, na ya Issenye, na ya mashimo ambayo hata yeye hakuyajua.

"Ukisaga," Rhobi akauliza, "kuna kitu chochote kinachobaki kizima?"

"Hapana, mama. Hata jiwe halibaki."

Alikuwa hajui anachoulizwa. Lilian alipomweleza kwa sauti ndogo, mzee yule alivua kofia, akasema achukue kiasi chochote anachotaka, akamtafutia na beseni. Rhobi alichota. Alisugua mchanga kati ya vidole, akautazama kwa macho yake yale yenye matone ya dawa, akachota upande mwingine, kisha upande wa tatu. Mwisho aliumwaga wote mahali pake. Alimshukuru Opondo, akamrudishia beseni lake. Njia nzima hakulia, na Lilian, aliyekuwa akilia, aliona haya kwa kulia peke yake.

* * *

Kesho yake alasiri Heche alikuja kuaga. Kundi lake lilikuwa limesikia habari za rashi nyingine mbele ya Mugumu na wenzake walishatangulia. Alikuwa mtu mwaminifu, na hilo ndilo linalonikera katika kisa hiki, kwamba hakuna hata mwizi mmoja wa kumtupia lawama. Mwenye uwanja ana fungu lake, na alikuwa amelileta. Akakunjua karatasi ya pakiti ya sigara. Ndani yake palikuwa na chembe ya dhahabu isiyozidi punje ya mtama.

"Imetoka pale," akasema, akielekeza nyuma ya jiko. "Ni fungu lako lote. Mkanda umekatika." Kisha akamgeukia Lilian, akamwambia kwamba picha yake haikusema uongo.

Mseti aliipokea karatasi, akaitazama sana. Mtama ulikuwa umelala chini shambani, mashimo mawili yalikuwa wazi, na ghalani hapakuwa na cha kuwafikisha mavuno mengine. Hata hivyo alinyanyuka akaiweka mkononi mwa mke wake. Nadhani hakuwa na namna nyingine ya kuomba msamaha. Rhobi akafumba kiganja.

Jua likiwa bado halijazama alichukua jembe akaenda nyuma ya jiko. Alijaza udongo kwenye ukingo wa shimo mpaka pakawa na mahali pa kusimama, akachimba kidogo, akaiweka ile chembe na karatasi yake, akafukia. Lilian alimwuliza anafanya nini.

"Kilichotoka kwao ni hiki," akasema Rhobi. "Nizike nini kingine?"

Lilian akashika jembe akamsaidia. Walitengeneza tuta moja tu, kwa kuwa chembe ilikuwa moja, wakalipanga mawe kulizunguka. Rhobi aliwataja watoto wake kwa majina, mkubwa kwanza. Mseti alikuwa amesimama mlangoni akiwatazama. Walipopita kuingia ndani aliwauliza watakula nini mpaka mwakani.

Rhobi aliamka wa kwanza kulipopambazuka. Tuta lilikuwa limefunguliwa. Mawe yalikuwa yamewekwa pembeni kwa utaratibu, na katikati palikuwa na kitundu kidogo, cha mtu asiyehitaji kutafuta. Alirudi mbele ya nyumba. Mabuti ya Mseti yalikuwa mlangoni, na udongo wake ulikuwa bado mbichi.

Lilian alitoka akamkuta mama yake amesimama hapo. Akayatazama mabuti, akatazama mlango wa chumba cha baba yake, ambao ulikuwa umefungwa.

"Mama, ngoja nizungumze na..."

"Hapana," akasema Rhobi. "Wewe umeshasema vya kutosha."

Akachota maji kwenye pipa, akachuchumaa, akayaosha yale mabuti moja baada ya jingine mpaka maji yakatoka meupe. Kisha akayaegemeza ukutani yakauke, akaenda kutafuta kuni.